Kibla ya Chumba cha Juu

Nyumba yenyewe haikuwa na sura ya kukaa mizuka. Ilikuwa nyumba ya matofali mekundu kama zilivyo zote katika mtaa ule wa Hounslow, imebanwa katikati ya jirani zake, na kila baada ya dakika chache ndege ilipita juu ya paa ikienda kutua Heathrow na kuvitikisa vikombe jikoni. Matar bin Seif alifuta viatu mlangoni akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na robo asubuhi, Jumamosi, tarehe kumi na tatu Machi, mwaka 1971. Mwenye nyumba, Bwana Kailash, Mhindi wa Kisumu, alikuwa amempa ufunguo wa chumba cha juu pamoja na masharti yake: saa sita kamili anakuja na mpangaji mpya, na vitu vya yule kijana vitolewe, mtu apende asipende.

Kabla ya Mapinduzi Matar alikuwa inspekta wa upelelezi Unguja. Sasa alikuwa mlinzi wa ghala la mizigo uwanja wa ndege, na bosi wake, kijana ambaye hajatimiza hata miaka thelathini, alimwita Mat, basi, kama anayeita paka. Lakini Wazanzibari wa London hawakulikubali jina hilo. Kwao alibaki Inspekta, na akipotea mtu, ndiye aliyegongewa mlango.

Safari hii aliyegonga ni Time binti Mbarouk, ambaye sasa alikuwa amesimama nyuma yake na buibui lake juu ya koti zito. Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, anapanga sahani za chakula cha abiria wa ndege, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Ndugu yake, Muhiddin, mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, alitoka katika nyumba hii Jumanne ya wiki iliyopita baada ya chakula cha mchana, na leo ilikuwa siku ya kumi na moja. Siku ya pili yake koti lake lilionekana ukingoni mwa mto, Isleworth, limekunjwa vizuri, ndani mna kadi ya maktaba, leso, tikiti ya basi, na pini yenye kamba. Polisi wakaandika wanayoandika siku zote: kijana mpweke, baridi ndefu, mbali na kwao. Wazee wa Kizanzibari nao wakakaa, wakapanga hitima, kesho Jumapili baada ya adhuhuri.

Time alikataa. Miaka minne nyuma ililetwa barua ya mistari miwili kwamba baba yao amefia gerezani, na hitima ikasomwa London bila ya kaburi wala shahidi. Matar mwenyewe alikuwepo, akasoma juzuu yake, akala na halua.

"Ami Matar," alimwambia ndani ya basi, "mimi nishasoma hitima moja bila ya maiti. Ya pili sisomi. Nitafutie ndugu yangu kabla ya kesho adhuhuri. Akiwa hai nijue, akiwa amekufa nijue."

Matar hakumwahidi kitu. Katika kazi ile alijifunza mapema kwamba ahadi ndiyo inayomtia mpelelezi upofu.

Wanafunzi watatu waliobaki walikuwa wamekaa jikoni, kila mmoja na kikombe chake, hakuna anayekunywa. Waliosoma ng'ambo wanaijua nyumba ya namna hii: kila mtu na rafu yake ndani ya friji, kila mtu na sufuria yake, na ugomvi mkubwa wa mwaka mzima ni nani aliyemaliza maziwa. Cosmas, Mtanzania wa Songea, alikuwa akisomea upimaji wa ardhi. Winifrida, binti wa Bukoba, alikuwa akisomea ualimu. Orhan, Mturuki wa Izmir, alikuwa darasa moja na Muhiddin. Hawa watatu na Muhiddin waliishi pamoja miaka miwili bila ya kutoana macho, wakapikiana, wakafundishana kutukana kwa lugha zao. Sasa watatu hawa walikuwa hawaelewani hata kwa salamu.

Matar alikuwa na utaratibu wake na hakuuacha hata kwa watoto wa watu. Mmoja mmoja, mlango umefungwa, maswali yale yale kwa mpango ule ule. Alimweka Time pembeni karibu na jiko akamwomba asiseme neno.

Cosmas alikuwa wa kwanza. Alikuwa kijana mrefu mwenye maneno mengi, na alianza kwa kusema kwamba yeye hayaamini mambo ya mizuka hata kidogo. Matar akamuuliza kwa nini basi kitanda chake kimesukumwa mpaka mlangoni, maana alikuwa amekwisha kuchungulia. Cosmas akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka. Akasema vitu vinapotea. Mkate vipande viwili vitatu, yai moja, maziwa kidogo, kila siku, na wote watatu wameapa si wao. Walianza kushukiana wizi, wakatukanana, mpaka sauti iliposikika kutoka chumba cha juu.

Matar aliuliza ni vitu gani visivyopotea. Swali hilo lilimshangaza Cosmas. Akafikiri, akafungua friji, akatoa pakiti ya soseji zake za nguruwe. Zilikuwa sita tangu wiki iliyopita na bado zilikuwa sita, na jibini lake lililokuwa juu ya pakiti hiyo hiyo lilikuwa limekatwa.

"Mzuka unaochagua," alisema Matar, akaandika katika daftari.

Winifrida aliingia na shikamoo yake, akakaa na mikono mapajani. Chumba chake na cha Muhiddin vilitenganishwa na ukuta mwembamba. Usiku wa tatu tangu Muhiddin apotee, alfajiri, alisikia mbao za sakafu zikilia, kisha mtu akisoma polepole kwa sauti ya chini. Alidhani anaota. Ikawa alfajiri ya pili, na ya tatu, na chumba kimefungwa, na ufunguo anao Bwana Kailash. Bwana Kailash alipopigiwa simu aliwaambia wapunguze kunywa.

"Ni sauti yake, mzee," alisema. "Nimeisikia miaka miwili ikipita ukutani, siwezi kuikosea. Ila imechoka."

Time alishika ukingo wa meza. Matar hakumtazama. Alimuuliza Winifrida kama kuna jingine, na Winifrida akaona haya, akainama, akasema lipo lakini ni la chooni.

Muhiddin alikuwa na kopo lake, kopo la maziwa ya unga alilolifunga mshikio wa waya, la kutawazia. Mwanzo walikuwa wakimcheka nalo, baadaye wakalizoea. Alipopotea, Winifrida alilikausha kwa kitambaa akaliweka juu ya dirisha la choo, kwa sababu hakuwa na moyo wa kulitupa. Siku ya pili akalikuta chini, karibu na choo, lina maji. Akalikausha tena, akalipandisha. Akalikuta chini tena. Mara nne. Aliyasema hayo akilia bila ya sauti, na Matar akampa leso yake mwenyewe.

Orhan alizungumza Kiingereza cha haraka alichojifunza barabarani. Matar alimuuliza moja kwa moja kama kopo analitumia yeye, kwani naye ni Mwislamu. Orhan akapanda chumbani kwake akarudi na jagi lake la plastiki la buluu na kulitua juu ya meza kwa hasira kidogo. Analo lake, hulichukua na kulirudisha chumbani, na tangu sauti ianze hakutumia choo cha juu hata mara moja, anajizuia mpaka afike chuoni. Sauti anaijua inasoma nini. Ni Yasini. Usiku wa tano alijipa moyo, akaenda mpaka mlangoni, akatoa salamu. Sauti ilikatika papo hapo. Alingoja, akatoa salamu mara ya pili, na hakuna aliyejibu. Hapo ndipo alipopata hakika yake, alisema, kwani Mwislamu aliye hai hawezi kuiacha salamu bila jibu.

Matar aliiona hoja hiyo nzuri kuliko zote alizozisikia asubuhi ile, ijapokuwa hakukubaliana nayo.

Aliwatuma wote watatu wakae chumba cha mbele, akapanda ngazi na Time nyuma yake. Choo kilikuwa mwisho wa ujia, mkabala na mlango wa Muhiddin. Kopo lilikuwa chini. Matar alichutama akaingiza kidole, na maji yalikuwa baridi, vidole vitatu hivi kutoka chini. Sakafu kando yake ilikuwa na unyevu usiozidi saa moja au mbili. Winifrida alisema alilipandisha jana jioni.

Alikaa pale chini kidogo, kachutama na daftari lake, na Time akamngoja. Kisha akamuuliza swali ambalo lilikuwa likimsumbua tangu siku ile aliposoma orodha ya vitu vya polisi. Muhiddin alikuwa akiweka wapi ufunguo wake? Time alijua. Alipoteza mmoja mwaka jana, Bwana Kailash akamfanyia fujo, na tangu siku hiyo akautia kamba na pini ya usalama ndani ya mfuko wa koti. Time mwenyewe ndiye aliyempa pini.

"Pini na kamba vimo katika orodha," alisema Matar. "Vilikutwa mfukoni, havikukatika. Ufunguo hamna. Mtu anayetoka nyumbani na kuuvua ufunguo wake, kwa mikono yake, akauacha, anakusudia nini?"

Time alifikiri. "Yuko mtu ndani atakayemfungulia."

"Au hakutoka. Katoa koti tu."

Hapo ndipo Matar alipokosea, na aliyajua makosa yake yalipokwisha kumtoka. Hakutakiwa kusema. Alikuwa na kopo lenye maji, soseji zisizoguswa, sauti inayojulikana na ufunguo uliobaki nyumbani, na vyote vilimwelekeza kwa mtu mmoja aliyejificha kwa sababu zake. Lakini mpelelezi hasemi mpaka afungue mlango. Time alikaa kitako juu ya ngazi, akaziba uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakawa yanamtikisika. Alikuwa akicheka. Mara ya mwisho Matar kumsikia Time akicheka ilikuwa Unguja, siku ya harusi yake.

"Nitamkata masikio," alisema Time. "Wallahi nitamkata masikio yote mawili, kisha nimpikie."

Matar alifungua mlango kwa ufunguo wa Bwana Kailash.

Chumba kilikuwa kidogo, baridi, na hakuna mtu. Kitanda kimetandikwa. Kabati la ukutani limefungwa. Dirisha moja, upande wa nyuma wa nyumba, pazia limeshushwa nusu. Vitabu vya uhandisi vimepangwa juu ya sakafu kwa kukosa rafu, na juu ya kitanda, ukutani, mshale mdogo umechorwa kwa penseli na chini yake limeandikwa neno moja, kibla. Muhiddin alikuwa mtu wa vipimo. Aliuchora mshale ule siku ya kwanza kwa kutumia dira, na Ijumaa wenzake wa chuoni walikuja hapa kusali kwa sababu walijua katika chumba cha Muhiddin hawatakosea. Ulielekea pembeni, baina ya kabati na mlango, kusini-mashariki, kama inavyotakiwa kwa mtu wa London. Sakafu ya pembe ile ilikuwa tupu, na zulia limekwanguka kwa magoti ya miaka miwili.

Lakini Matar hakuiangalia pembe ile sana. Aliiangalia meza ya kusomea. Miguu yake minne ilikuwa imesimama ubavuni mwa kitanda, na hapo ilipokuwa haikuacha alama yoyote. Vishimo vinne vya zamani vilikuwa mahali pengine, chini ya dirisha. Mtu ameisogeza meza, si muda mrefu, ili apate nafasi mbele ya dirisha. Matar akapiga magoti, akalaza shavu karibu na zulia kama alivyofundishwa, na mwangaza ukamwonyesha mstatili wa mswala uliotandikwa na kukunjwa, ukatandikwa na kukunjwa. Upande mmoja palikuwa na alama mbili za magoti. Upande wa pili, karibu na dirisha, alama ndogo ya paji la uso.

"Dirisha hili linatazama wapi?" aliuliza, ingawa alikuwa akijua.

Time alisema jua haliingii humu hata kiangazi. Muhiddin alikuwa akilalamika.

"Basi ni kaskazini."

Alisimama polepole akijipangusa magoti, na akawa hana haraka ya kumtazama Time. Alikumbuka siku zake za mwanzo London, mwaka wa sitini na nne, chumba cha watu wanne kule Hayes. Wiki mbili nzima alisali akielekea kaskazini, na hakuna aliyemwambia kitu, mpaka Mpakistani mmoja mpole akaugeuza mswala wake bila ya kusema neno. Kwao Unguja Makka iko kaskazini moja kwa moja. Mtu huzaliwa nayo huko, hukua nayo huko, hafikiri wala haulizi. Akitiwa katika chumba cha ugenini hutafuta kaskazini kwa mazoea, na hapa London akifanya hivyo huwa anaipa Makka kisogo.

"Time," alisema. "Aliyesali hapa si Muhiddin."

Time hakuelewa kwanza. Matar akamwonyesha mshale, akamwonyesha dirisha. Mtu aliyeuchora ule kwa dira hawezi kusogeza meza ili akosee. Orhan naye siye. Mtu wa Izmir kwao husali kusini, akikosea atakosea huko. Aliyeingia chumba hiki anatoka kwetu, na hajakaa hapa muda wa kutosha kuzoea, na haoni vizuri au hasomi maandishi ya penseli katika giza la alfajiri. Na Muhiddin ndiye aliyemwachia ufunguo.

Furaha ya Time iliondoka usoni mwake polepole, na Matar aliona aibu kwa kuiona inavyoondoka, kwani yeye ndiye aliyeileta.

"Basi ndugu yangu yuko wapi?" aliuliza.

"Tumuulize aliyemwona mwisho."

Alifungua kabati. Nguo za Muhiddin zilikuwa zimetundikwa, na polisi walikuwa wamezipekua wakazirudisha ovyo. Hawakuwa na sababu ya kutazama zaidi. Matar alizisogeza upande. Nyuma yake palikuwa na rafu tatu za mbao, na kila mahali katika kabati palikuwa na vumbi isipokuwa ukingo wa mbele wa rafu zile, ambao ulikuwa safi, umesuguliwa na kitu. Juu ya rafu ya tatu, katika dari, palikuwa na tundu la mraba lililofunikwa kwa ubao. Nyumba nyingi za mtaa ule zilikuwa na nafasi kama hiyo chini ya paa, watu hutia masanduku mabovu na miti ya Krismasi.

Time alitaka kupanda pale pale. Matar alimshika mkono. Mtu mwenye hofu nyuma ya ubao anaweza kufanya lolote, na zaidi anaweza kujidhuru mwenyewe. Alirudi nyuma hatua mbili, akatoa salamu kwa sauti ya kawaida, akajitaja jina lake na la baba yake na mtaa wao Unguja. Alisema si polisi tena. Alisema hakuna Mzungu ndani ya nyumba. Ndege ikapita, ikamaliza kupita, na juu pakawa kimya kabisa.

Akamwashiria Time.

Time alikohoa kusafisha koo. "Wewe uliye juu. Mimi ni dada yake Muhiddin, naitwa Time. Sikutakii ubaya. Kama unajua habari ya ndugu yangu, nionee huruma uniambie."

Kisha ubao ulisogea, ukakwaruza, na katika nafasi nyeusi ukatokea mkono mkavu wenye kucha ndefu, na baada ya mkono uso. Ndevu nyeupe tupu, mashavu yameingia ndani, macho yanapepesa kwa mwangaza. Uso ule Matar alikaa nao mahakamani Vuga, Unguja, miaka tisa, yeye akitoa ushahidi na karani Mbarouk bin Hemed akiuandika. Na yeye Matar ndiye aliyekula halua katika hitima yake.

"Time," alisema yule mzee, na sauti ilikuwa kweli ya Muhiddin, ila imechoka. "Umekuwa mtu mzima."

Time hakupiga kelele. Alishika rafu ya kati kwa mikono miwili asije akaanguka, akasema "Baba" mara moja, kisha akalisema tena na tena kwa sauti ndogo, mpaka likawa si neno. Matar aligeuka akatazama dirisha. Alipokuwa inspekta aliwahi kuwapelekea watu habari za vifo zaidi ya mia, na hakuwahi hata mara moja kumrudishia mtu maiti wake.

Mzee Mbarouk hakushuka. Alilala kifudifudi pale juu, kichwa kikiwa tunduni, na akaeleza kwa maneno machache kama mtu aliyesahau kuzungumza. Miezi minane iliyopita alitolewa gerezani alfajiri, akaambiwa yeye kwa serikali ni maiti na aendelee kuwa maiti, la sivyo mkewe atakuja kukaa mahali pake. Akavuka mpaka Mombasa, akapata kazi ya kufagia melini kwa cheti cha baharia mwingine, akateremka bandari ya Tilbury mwezi wa pili. Muhiddin alimpokea, akamtia humu, na mpaka Jumanne ile alikuwa akisali huku huku darini. Dada yake hakuambiwa, kwa kuwa nyumba yake Time inaingia watu na kutoka watu, na ikitoka habari moja tu ikifika Unguja, mama yao amekwisha.

Usiku ule Orhan alipotoa salamu mlangoni, mzee alimjibu kimoyomoyo, akamwomba Mungu amsamehe.

Matar alimuuliza juu ya siku ile ya Jumanne. Mzee aliikumbuka yote. Muhiddin alisema amepata mtu, mtu wa kwetu mwenye gari la kijivu, anayeweza kumpatia baba yake karatasi za kukaa, na watakutana Isleworth karibu na mto. Alimwachia ufunguo ili aweze kutoka kwenda chooni wenzake wakiwa chuoni. Alimwachia nusu mkate. Alisema atarudi kabla ya alasiri na samaki, na akamwapisha asishuke kwa mtu yeyote mpaka atakapokuja yeye mwenyewe kumwita.

Kalamu ya Matar ilisimama. Sasa aliiona hesabu yote mbele yake na haikuwa na njia ya pili. Kijana mwenye baba yake juu ya dari, hana chakula, hana pesa, hana karatasi, hakunji koti lake akaingia mtoni. Wala hakimbii. Kama angekuwa na mguu mmoja wa kutembelea angerudi kabla ya alasiri ile, na kama si ile, ya pili yake. Siku kumi na moja. Polisi walikuwa wakitafuta kijana mwenye huzuni, na yeye Matar alikuwa akitafuta kijana aliyejificha, na wote walikuwa wamekosea. Kuna mtu wa kwetu mwenye gari la kijivu anayejua. Aliliandika hilo, akalipigia mstari.

Alipoinua macho aliona Time naye amekwisha kuifikia. Hakuna aliyemweleza. Alikuwa amesimama, mikono bado juu ya rafu, na uso wake ulikuwa na baba yake na hauna ndugu yake, vyote kwa pamoja, na Matar hakujua ampe pole au ampe hongera.

Mzee aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Siku zote hizi alikuwa na dhana yake moja, na sasa akaitoa.

"Wamemfunga kwa ajili yangu," alisema. "Niambieni wamemfunga wapi, nikajitoe mimi."

Matar alifungua kinywa. Kazi hiyo ilikuwa yake, aliifanya maisha yake yote. Lakini Time alimwekea mkono kifuani bila ya kumtazama, akapanda rafu ya kwanza, akafika karibu na uso wa baba yake mpaka pumzi zao zikawa zinagusana.

"Hakufungwa, baba," alisema. "Shuka. Muhiddin hatorudi."

Chini, mlango wa barabarani ulifunguliwa na sauti ya Bwana Kailash ikasikika ikimkaribisha mtu kwa Kiingereza, ikimweleza kwamba chumba ni kidogo lakini tulivu. Mzee Mbarouk aliweka shavu lake juu ya paji la bintiye. Kisha alijivuta nyuma ndani ya giza, na mguu wake mmoja mwembamba ukatokea tunduni, ukapapasa, na Time akaushika akauweka juu ya rafu.